Shahidi wa Ukuta wa Kaskazini

Kwenye kila karamu ya Ellerstein, kabla nyama haijakatwa, Bwana Volkwin alikuwa akisimama na kuwataja baba zake. Volkwin mwana wa Burchard, mwana wa Hezilo, mwana wa Burchard Mguu Mmoja, na kuendelea hivyo hivyo mpaka baba wa nane, yule aliyepewa kilima kile na mfalme ambaye watawa wenyewe hawakubaliani ni mfalme gani. Wageni wenye njaa walikuwa wakimlaani kimoyomoyo. Mbwa wa ukumbini walikuwa na akili zaidi. Walilala chini ya meza wakangoja, na likitajwa jina la nane walitoka wenyewe kwa sababu walijua mifupa imekaribia.

Usimcheke lakini. Mtu aliyezaliwa baba yake akiwa amekwisha kufa ana haja kubwa kuliko wengine ya kujikumbusha alikotoka. Burchard, baba yake, alikufa kwa kuhara damu akiwa njiani kwenda vita vya Nchi Takatifu, hata bahari hakuivuka. Habari ilipofika Ellerstein, mkewe Richenza alikuwa na mimba ya miezi saba, na Adalger, mdogo wa marehemu, alikwisha kuingiza farasi wake kwenye mabanda ya ngome. Adalger hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Na desturi ya nchi ile ilimruhusu kungoja huku farasi wake wakila. Mtoto anayezaliwa baada ya baba yake kufa hahesabiwi mrithi mpaka mlio wake wa kwanza usikike kwenye kuta nne za chumba. Wanaume wanne huru, wasio na udugu na upande wowote, husimama nje, kila mmoja kwenye ukuta wake, halafu kila mmoja huapa peke yake, mkono juu ya sanduku la mifupa ya mtakatifu, kwamba amesikia. Wakipungua wanne, mtoto ataishi na atakula, lakini kiti cha baba yake hakalii. Wazee waliweka sheria hiyo kwa sababu wajane wengi walikwisha kuletewa watoto wa watu ndani ya makapu ya nguo.

Wanne waliapa kwamba wamemsikia Volkwin. Adalger akatoa farasi wake bandani na kushuka nao kilimani kwenye theluji, na leo mjukuu wake analinda daraja la watu wengine, siku tatu kutoka hapo. Volkwin alitawala chini ya mama yake, kisha peke yake, akazaa wana wawili, akazeeka kichwa kikawa cheupe. Kila mwaka siku ya kuzaliwa kwake aliwaalika wale mashahidi wanne akawapa bata bukini wa kuchoma na bia ya mwezi wa Machi, ile nzito. Walikufa mmoja mmoja, akabaki Thiemo, aliyesimama kwenye ukuta wa kaskazini.

Vuli moja, wakati watu wanakata kabichi za kutia chumvi kwenye mapipa, Thiemo naye aliangushwa kitandani na ugonjwa. Akatuma mtu ngomeni kwamba anamtaka Bwana aje, na aje peke yake.

Ilikuwa siku mbaya ya kuitwa. Kesho yake kulikuwa na baraza, na kesi ya kwanza ilikuwa ya Hadewig wa Eschrode. Mumewe alikufa kwa homa mwanzoni mwa kiangazi, na yeye akajifungua mtoto wa kiume, Reinbot, miezi miwili baadaye. Eschrode ilikuwa ardhi ya kiapo; mwenye nayo aliipokea kutoka mkononi mwa Bwana wa Ellerstein, na ikikosa mrithi inarudi mkononi humo humo. Mashahidi watatu wa Hadewig waliapa kwamba walimsikia mtoto. Wa nne, mtengeneza mapipa mmoja aliyeitwa Wigand, alisema hakusikia kitu. Mkunga aliyempokea alisema mtoto alifumbua macho, akamshika kidole, akapiga chafya. Lakini mkunga ni mwanamke, tena alikuwa ndani. Desturi inahesabu wanaume walioko nje. Hebu itazame akili hiyo.

Volkwin alikuwa amekwisha kumwahidi mwanawe wa pili, Ludeger, ardhi ya Eschrode. Ludeger alikuwa kijana wa miaka ishirini na minne asiye na hata kibanda, na alikuwa amechoka kulala katika nyumba ya kaka yake. Kwa hiyo kesi ilikuwa nyepesi. Hadewig na mtoto wake wangehama kabla ya baridi, na Ludeger angeingia.

Thiemo alikuwa amelazwa karibu na moto, amekonda mpaka pua imekuwa kubwa kuliko uso. Padri alikuwa ametoka muda mfupi kabla; mafuta yalikuwa bado yanang'aa kwenye paji la mgonjwa. Volkwin akaketi kwenye kigoda, akamuuliza kama anataka bia.

"Sitaki. Kaa karibu, mwanangu, sauti yangu inaisha." Mbele za watu Thiemo alimwita Bwana kama wote, wakiwa wawili alimwita mwanangu, na Volkwin alipenda hivyo. "Siku ile uliyozaliwa sikukusikia."

Volkwin alidhani mzee anaweweseka. Alitaka kumfunika blanketi, Thiemo akausukuma mkono wake.

"Nina akili zangu. Kulikuwa na upepo na theluji, nimesimama pale tangu asubuhi, masikio yameganda. Sikusikia kitu. Tukaingia ukumbini, wenzangu wakaapa mmoja baada ya mwingine, mimi nikawa wa mwisho. Mama yako alikuwa ameletwa kwenye kiti, amekufunga kifuani. Akanitazama."

"Alikuomba uape?"

"Angeniomba ningekataa. Hakuniomba. Alikuwa amechoka tu."

Volkwin akauliza habari za wale watatu. Thiemo akasema hajui. Miaka arobaini walikaa meza moja wakila bata bukini wake na hawakulitaja jambo hilo hata mara moja, isipokuwa mwaka mmoja ambapo yule wa ukuta wa mashariki alilewa, akamwinamia na kumuuliza, wewe ulisikia? Naye akamjibu, wewe je? Kisha wote wawili wakarudi kwenye bata wao.

Siri ya mtungi aijuaye kata, na kata tatu zilikuwa zimekwisha kuzikwa. Volkwin aliona moto, akaona kabichi zilizokatwa pembeni, akasikia mkamwana wa Thiemo anafagia nje, na vitu vyote vilikuwa vile vile isipokuwa yeye. Kumbe miaka hamsini na mmoja amekalia kuti kavu. Halafu hasira ikampanda.

"Mbona hukufa nalo?"

"Padri anasema kiapo cha uongo kitanifungia mlango," Thiemo alisema. "Nataka kwenda mwepesi."

"Umetua mzigo wako, umenitwika mimi."

Mzee hakubisha. Alisema ni kweli, akafumba macho, akaomba ile bia. Volkwin alimnywesha kwa kijiko, maana hata hasira ina mipaka yake, na kabla giza halijaingia Thiemo alikuwa amekata roho.

Mezani jioni ile Volkwin hakula. Alijaribu kuwataja baba zake kimyakimya, na kila alipofika Burchard alikwama. Huenda alilia na upepo ukaumeza mlio. Huenda hakulia, wako watoto wanaozaliwa wanashangaa tu. Au alitoka kwenye kapu la nguo. Alijipapasa pua, ile pua ambayo watu wote walisema ni ya Hezilo mtupu, akawaza kwamba pua za namna ile ziko nyingi hata kwa wafuga nguruwe. Aliogopa. Hakuogopa kushushwa kitini peke yake; aliogopa kwamba mtu aliyekuwa akimwita Volkwin hakuwahi kuwapo.

Ludeger alikaa upande wake wa kushoto, akazungumza kwa furaha juu ya paa la Eschrode na jinsi atakavyoliezeka upya. Volkwin alimsikiliza kijana wake na moyo ukamuuma, kwa kuwa hakuwa kijana mbaya. Alikuwa na haraka tu.

Asubuhi ukumbi ulijaa. Waamuzi wanne waliketi kwenye benchi lao, na mkubwa wao alikuwa Meinhard, mtu mnene mwenye sauti ya kengele. Katika nchi ile anayekaa kitini haamui kesi. Anauliza, na waamuzi ndio wanaotamka sheria inasemaje. Hadewig alisimama katikati na mtoto kifuani. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa, na hakuwa amelia. Wigand alisimama mbali naye kadiri ukumbi ulivyoruhusu.

Mashahidi watatu wakarudia maneno yao. Wigand akaitwa. Meinhard akamwambia afikiri vizuri, maana kwa neno lake mjane analala nje.

"Nimefikiri wiki saba," Wigand alisema. "Wenzangu wakisema walisikia, siwapingi. Mimi sikusikia."

"Una masikio wewe, au umeyatengenezea mapipa?" Hadewig alimuuliza. Watu wakacheka. Wigand alitazama viatu vyake.

Ikawa zamu ya Volkwin kuwauliza waamuzi sheria inasemaje. Alisimama. Ludeger alijiweka sawa kwenye benchi. Maneno yalikuwa mepesi, alikwisha kuyasema mara mia katika kesi mia, na kama angeyasema, siku ingeendelea na kesho ingekuja na hakuna mtu hata mmoja chini ya jua angejua lolote. Aliyajua yote hayo. Alimtazama yule mtoto, aliyekuwa macho, kimya, anachungulia ukumbi mzima kama mnunuzi sokoni, na maneno yakakataa kutoka.

Akashuka kitini. Watu walidhani anataka maji.

"Kabla sijawauliza habari za mtoto huyu, nawauliza habari zangu," alisema. "Jana Thiemo alikufa. Kabla hajafa aliniambia hakunisikia siku niliyozaliwa. Aliapa uongo. Nilikuwa na mashahidi watatu, kama huyu. Naomba mtamke, mtu wa mashahidi watatu anaweza kukaa kile kiti?"

Volkwin aliliona jambo likiingia usoni mwa Meinhard na kuzunguka humo. Meinhard alikuwa na mashamba matatu aliyoyashinda mbele ya kiti kile. Binti yake aliolewa kwa mkataba uliopigwa mhuri wa kiti kile. Kila mtu ukumbini alikuwa na mpaka wa shamba, au mahari, au kisima, kilichosimama juu ya neno la Volkwin wa Ellerstein, na kama Volkwin wa Ellerstein hakuwapo, visima vyote vilikuwa vya kugombaniwa upya, kwa panga.

"Bwana," Meinhard alisema taratibu, "ukumbi huu una mwangwi mbaya. Mimi sikusikia ulichosema."

Akamgeukia wa pili. Wa pili akasema hakusikia. Wa tatu alikuwa mzee kiziwi kweli, akauliza kuna nini, akaambiwa hakuna kitu, akasema basi. Wa nne alimtazama Volkwin machoni, na machoni mwake mlikuwa na huruma, akasema, "Sikusikia, Bwana wangu."

Volkwin aliwatazama watu waliojaa mpaka mlangoni. Wote walikuwa wanatazama dari. Mwanawe Ludeger alikuwa amekuwa mweupe mpaka midomo, naye pia alitazama dari. Mtu anaweza kuvua nguo zake zote mbele ya umati, na umati ukamwambia joho lako limekupendeza sana leo. Ndipo alipoelewa namna mama yake alivyomtazama Thiemo, na kwamba pengine hakuna aliyesema uongo siku ile zaidi ya watu hawa leo, watu wema, wanaotaka kwenda nyumbani.

"Mimi nimesikia," alisema Wigand.

Kila kichwa kiligeuka. Yule mtu alikuwa amekunja kofia yake mikononi kama kitambaa cha kuoshea vyombo, na masikio yamemwiva.

"Uko peke yako," Meinhard alimwambia.

"Najua. Nimesema tu."

Shahidi mmoja si wanne, na mambo yakaishia hapo. Volkwin akarudi kitini, kwa kuwa hapakuwa na mahali pengine pa kwenda, akauliza sheria inasemaje juu ya mtoto wa Eschrode. Meinhard akatamka kwa ile sauti ya kengele kwamba shahidi wa nne amekosekana, mtoto si mrithi, ardhi imerudi mkononi mwa Bwana. Hadewig alifumba macho kidogo tu, akayafumbua.

"Imerudi mkononi mwangu?" Volkwin aliuliza.

"Imerudi, Bwana."

"Basi leteni kijiti."

Kijiti cha mti kikaletwa, kile ambacho Bwana humpa mtu anapomkabidhi ardhi. Ludeger alikwisha kuinuka. Volkwin alimpita mwanawe bila kumgusa, na hatua zile chache zilimgharimu kuliko zile za kushuka kitini. Akaenda mpaka kwa Hadewig, akaweka kijiti kwenye ngumi ya mtoto. Ludeger alitoka ukumbini bila kuaga, na mlango aliuacha wazi.

Hadewig hakushukuru. Alisema, kwa sauti ya chini ili watu wa mbali wasisikie, kwamba alikuja kuchukua haki na amepewa zawadi, na kwamba mwanawe ataitwa mtoto wa hisani maisha yake yote.

"Hata mimi nilipewa," Volkwin alisema.

"Nilikusikia, Bwana. Ila mimi mwanamke, sihesabiwi." Alimpandisha mtoto begani. "Nani atamshikia ardhi mpaka akue? Maana na hilo hamtaniachia."

Volkwin akamwonyesha Wigand.

"Huyu?" Hadewig alisema. "Huyu aliyemnyang'anya mwanangu ukoo?"

"Huyu huyu. Ndiye mtu pekee humu ndani ninayejua hataiba."

Mwanamke akaguna kwa namna ambayo si kukubali wala kukataa, akaenda kukaa ukutani kumnyonyesha mtoto. Meinhard akaita kesi ya pili, iliyohusu nguruwe waliovuka mpaka. Volkwin akamvuta Wigand pembeni kwenye dirisha. Alitaka kumuuliza jambo moja, na alikuwa akilitaka tangu jana.

"Wenzako watatu waliapa," alimwambia. "Mjane yule ni jirani yako. Ungetamka neno moja tu, usingekosa usingizi kwa ajili ya mtoto. Kwa nini hukutamka?"

Wigand alinyoosha ile kofia iliyokunjamana, akaitazama. Alikuwa mtu asiyezoea kuulizwa.

"Nilitaka kutamka, Bwana. Mkono ulikuwa umekwisha kugusa sanduku. Halafu nikawaza, siku moja mimi nitakuwa mzee, nimelala nakufa, na nitaogopa. Nitamwita aje. Atakuwa mtu mzima mwenye watoto, nami nitamwambia." Akaivaa kofia, akakumbuka yuko wapi, akaivua tena. "Nikaona afadhali alijue sasa hivi, angali hajui kitu."

Volkwin alikaa kwenye jiwe la dirisha. Huko ukumbini watu walikuwa wanabishana juu ya nguruwe. Alilia kwa sauti, bila kujificha uso, na wote walinyamaza na kumsikia.